Mfumo wa kulenga kwenye pool ufundishwe pamoja na umbali wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo wachezaji wa pool na biliadi hulijadili kwa ukali, ilhali kurasa za michezo hulipita juu juu. Jambo lenyewe ni namna mchezaji anavyotumia macho yake kulenga, pamoja na ile mifumo ya kulenga inayofundishwa kwa ahadi kwamba atakayeijua hatakosa tena. Mimi nafundisha wachezaji chipukizi, na mara kwa mara napokea kijana aliyekwisha kulipia "siri" ya kulenga, akaishika kwa imani, akafanikiwa mpira ulipokuwa karibu na shimo, kisha akavunjika moyo mpira ulipokuwa mbali, akiamini kwamba kasoro ni ya mkono wake. Hoja yangu ni kwamba mfumo wowote wa kulenga ufundishwe pamoja na umbali unaoweza kuuhimili. Umbali wa mpira kutoka shimoni ndio unaoamua kama mfumo unatosha, na mwalimu asiyeutaja, hata kama ni kwa kutojua, anamnyima mwanafunzi nusu ya somo.

Niruhusu kwanza nieleze kazi anayopewa mchezaji. Mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57.15. Ili mpira wa rangi uende shimoni, mpira mweupe, yaani ule unaopigwa kwa fimbo, lazima uuguse kwenye nukta iliyo upande wa pili kabisa wa mwelekeo wa shimo. Wakati wa mgusano huo, kitovu cha mpira mweupe kitakuwa milimita 57.15 nyuma ya kitovu cha mpira wa rangi, kwenye mstari unaotoka shimoni na kupita katikati ya mpira wa rangi. Njia ya zamani na ya wazi kuliko zote ya kulenga ni kuwaza kwamba pale pameshawekwa mpira mwingine wa kufikirika, kisha kuupeleka mpira mweupe uchukue nafasi yake. Wanafunzi wangu huwa nawaanzishia kwa mpira halisi. Tunauweka ukigusana na ule wa rangi katika mstari wa shimo, tunatazama mahali unapokalia kitambaa, tunauondoa, na mwanafunzi anabaki na doa moja tu la kulenga. Doa hilo liko milimita 28 na kitu kutoka ukingo wa mpira wa rangi, upana wa vidole viwili hivi, na ajabu ni kwamba wengi huliona liko karibu zaidi ya hapo.

Kosa la kwanza la karibu kila anayejifunza linatokana na kuchanganya doa hilo na nukta ya mgusano. Anaitambua vizuri nukta ambayo mpira wa rangi unapaswa kuguswa, kisha anaelekeza katikati ya mpira mweupe kwenye nukta hiyohiyo. Hesabu inaonyesha kwa nini atakosa. Sini ya pembe ya kukata, yaani pembe kati ya njia ya mpira mweupe na njia ambayo mpira wa rangi utaifuata, ni sawa na umbali ambao kitovu cha mpira mweupe kimepishana na kitovu cha mpira wa rangi, ukigawanywa kwa kipenyo cha mpira. Kwa pembe ya nyuzi 30, nukta ya mgusano iko milimita 14.3 kutoka katikati ya mpira wa rangi, lakini kitovu cha mpira mweupe kinatakiwa kielekezwe milimita 28.6 kutoka katikati, yaani mara mbili yake, ambapo ndipo ulipo ukingo wa mpira wa rangi. Akielekeza kwenye nukta yenyewe atapata pembe ya nyuzi 14.5 badala ya 30, na kwa shimo lililo mita moja mbele, mpira utapita zaidi ya sentimita 27 pembeni. Hakuna mazoezi ya mkono yatakayolisahihisha kosa hilo, kwa sababu mkono umetii kile ambacho jicho limeuagiza.

Kutokana na ugumu wa kuona mpira usiokuwepo ndipo ilipozaliwa mifumo ya mafungu, fungu likiwa ni sehemu ya mpira wa rangi inayofunikwa na mpira mweupe wakati wa mgusano. Mchezaji anaambiwa asiwaze doa hewani, bali atazame vitu vinavyoonekana, yaani katikati ya mpira, ukingo wake, na robo zake. Akielekeza katikati ya mpira mweupe kwenye ukingo wa mpira wa rangi, atakuwa ameugonga nusu, na pembe yake ni nyuzi 30. Akiugonga robo tatu, pembe ni nyuzi 14.5, akiugonga robo, ni nyuzi 48.6. Nusu mpira ni ya kuaminika kuliko zote kwa macho, kwa sababu ukingo ni mstari ambao jicho linauona kweli, na ndiyo maana hata wachezaji wa snuka, ambao mpira wao ni mdogo zaidi, wa milimita 52.5, huitegemea kama kituo cha kuanzia. Pembe yake haibadiliki kwa sababu ya udogo wa mpira, kwani uwiano ni uleule.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo. Kwa vipimo vya Shirikisho la Pool Duniani, mdomo wa shimo la kona una upana wa milimita 114 hadi 117 hivi, yaani mipira miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Mpira mmoja ukipita katikati kabisa, unabaki na nafasi ya takriban milimita 28.6 kila upande. Nafasi hiyo ndiyo bajeti yote ya makosa ya mchezaji, na thamani yake kwa nyuzi hutegemea umbali. Mpira wa rangi ukiwa sentimita 20 kutoka shimoni na ukilikabili shimo uso kwa uso, bajeti hiyo ni nyuzi 8 kila upande. Ukiwa mita moja, ni nyuzi 1.6. Ukiwa mita mbili, jambo linalowezekana kabisa kwenye meza ya futi tisa ambayo uwanja wake wa kuchezea una urefu wa sentimita 254 na upana wa sentimita 127, bajeti hushuka chini ya nyuzi moja kila upande.

Sasa tuchukue mfumo wa mafungu manne, yaani mpira mzima, robo tatu, nusu na robo, tuuweke kwenye umbali huo. Kwa sentimita 20, robo tatu hufunika pembe zote kuanzia nyuzi 6 hivi hadi 22, nusu huendelea kutoka karibu na 22 hadi 38, na robo hushika kuanzia 40 hadi karibu 57. Ukijumlisha na mpira mzima, hakuna pembe chini ya nyuzi 57 inayobaki nje isipokuwa upenyo mwembamba kati ya 38 na 40. Mchezaji anayechagua fungu lililo karibu zaidi na anachokiona atafunga karibu kila mara, na atakuwa na haki ya kusema kwamba mfumo umefanya kazi, kwa sababu kweli umefanya kazi. Peleka mipira hiyohiyo mita moja kutoka shimoni. Kila fungu sasa linafunika takriban nyuzi 3 tu, na kwa pembe zote kuanzia sifuri hadi 60, mafungu yote manne kwa pamoja yanafunika chini ya moja ya tano. Pembe nne kati ya tano hazina fungu. Kijana niliyemtaja mwanzoni hajabadilika, mkono wake ni uleule, na mfumo ni uleule. Kilichobadilika ni umbali, ambao hakuna aliyemtajia.

Wanaoutetea mfumo wa mafungu hujibu kwamba mafungu yanaweza kugawanywa zaidi, hadi nusu ya robo na hata chini yake. Ni kweli, na hesabu inakubali. Lakini tukumbuke kwamba kosa la milimita moja katika kuugonga mpira wa rangi ni sawa na kosa la nyuzi moja hivi pigo likiwa la moja kwa moja, na linafika nyuzi 2 kwenye pembe ya 60. Kwa umbali wa mita moja, hiyo ina maana ya usahihi wa milimita moja na nusu kwenye pigo la moja kwa moja, na chini ya milimita moja kwenye pigo jembamba, yaani la kuugusa mpira wa rangi pembeni kwa pembe kubwa. Katika kiwango hicho jicho haliwezi tena kusoma fungu kama linavyosoma rula. Linakumbuka sura ya pigo ambalo limeliona mara nyingi, kisha linasogeza kidogo huku au kule. Mchezaji mzoefu hufanya hivyo bila kujua, ndiyo maana akiulizwa anasema kwa unyofu kwamba alilenga "nusu nyembamba kidogo". Hicho "kidogo" ndicho kilichofunga mpira, na hakimo ndani ya mfumo.

Kuna kundi jingine la mifumo ambalo limezua ubishi mkubwa zaidi, nalo ni lile la kutazama mstari wa kutoka katikati ya mpira mweupe hadi ukingo wa mpira wa rangi, pamoja na mstari wa pili kutoka ukingo wa mpira mweupe hadi nukta maalumu kwenye mpira wa rangi. Mchezaji hutafuta mahali pa kusimama ambapo mistari yote miwili inaonekana kwa pamoja, huinama, kisha hugeuza fimbo kidogo kutoka pembeni hadi katikati ya mpira mweupe. Nchini Marekani, Hal Houle ndiye anayetajwa zaidi kwa kueneza mawazo ya aina hii, na baada yake wengine wameyakuza na kuyafundisha kwa utaratibu mrefu. Wapo wachezaji hodari wanaoapa kwamba yamewabadilisha, na sina sababu ya kuwashuku. Ninachokipinga ni dai moja tu, kwamba utaratibu huo peke yake, ukifuatwa sawasawa, hutoa mstari sahihi kwa kila pigo bila mchezaji kukadiria chochote.

Dai hilo linaweza kupimwa mezani na mtu yeyote mwenye mipira miwili. Weka mpira wa rangi mita moja kutoka shimo la kona, uweke mpira mweupe nyuma yake kwa pembe yoyote, na ufuate utaratibu wa mfumo hadi upate mstari wako. Kisha ihamishe mipira yote miwili kwa pamoja, sentimita 10 kwenda upande, bila kubadilisha umbali wala mwelekeo kati yake. Mistari ya kutoka katikati hadi ukingo imebaki vilevile, kwa kuwa inachorwa kati ya mipira miwili ambayo haikuachana hata kwa unywele. Lakini kuhama kwa sentimita 10 kukatiza mstari wa shimo kumebadilisha mwelekeo wa shimo kwa nyuzi 5.7, na bajeti yote kwa umbali huo, kushoto na kulia kwa pamoja, ni nyuzi 3.3 tu. Mstari uleule hauwezi kufunga mapigo yote mawili. Mchezaji akiyafunga yote mawili, basi mahali fulani kati ya kusimama na kupiga, jicho lake limeuliza shimo liko wapi na mwili wake umejibu.

Nimewahi kujibiwa kwamba meza yenyewe ndiyo inayosaidia, kwa kuwa urefu wake ni mara mbili ya upana wake, na kwamba pembe za meza hujionyesha katika namna mipira inavyoonekana. Nimelitafakari jibu hili kwa makini, kwa sababu linatolewa na watu wanaoupenda mchezo kama ninavyoupenda. Uwiano wa meza ni kweli. Hata hivyo mstari uliochorwa kati ya mipira miwili haujui urefu wa meza, na kama macho ya mchezaji ndiyo yanayoipima meza na kuyapeleka maarifa hayo kwenye mwili, basi tumekubaliana kwamba kuna makadirio, na kwamba makadirio hayo yanastahili kufundishwa waziwazi na kupewa mazoezi yake.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wa mistari safi hulisahau, nalo ni msuguano kati ya mipira. Mpira mweupe unapougusa mpira wa rangi kwa pembe, uso wake husugua uso wa mwenzake na kuuvuta kidogo kuelekea upande ambao mpira mweupe unaenda, hivyo mpira wa rangi huondoka kana kwamba umekatwa kwa pembe ndogo kuliko iliyolengwa. Wafaransa walikuwa wanalichunguza suala la mipira inayogongana na kuzunguka tangu zamani; Gaspard-Gustave Coriolis, yuleyule ambaye wanafunzi wa jiografia hulijua jina lake kutokana na pepo na mzunguko wa dunia, alichapisha kazi nzima juu ya hisabati ya biliadi mwaka 1835. Katika wakati wetu, David Alciatore wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado amepima na kueleza kwa kina jinsi msuguano huu unavyobadilika. Huwa mkubwa pigo likiwa la polepole na mpira mweupe ukifika bila kubingirika, hupungua pigo likiwa la kasi, huongezeka mipira ikiwa michafu, na mzunguko wa pembeni, unaotokana na kuupiga mpira mweupe kushoto au kulia kwa katikati yake, unaweza kuupunguza au kuuongeza kulingana na upande uliotumika. Kwa pigo la polepole la nusu mpira, upotofu wa nyuzi 3 si jambo la ajabu.

Tuirudishe hesabu ya umbali. Nyuzi 3 kwa sentimita 20 ni sentimita moja tu, na shimo linaisamehe. Kwa mita moja ni zaidi ya sentimita 5, nayo inatosha kuupeleka mpira kwenye kona ya mdomo wa shimo ukarudi mezani. Kwa hiyo hata kama mfumo ungetoa mstari sahihi kabisa wa jiometria, mchezaji aliyeufuata bila kuongeza unyembamba kidogo kwa ajili ya msuguano angekosa kwa mbali na kufunga kwa karibu. Mchezaji akiongeza mzunguko wa pembeni, mambo huongezeka, kwa maana mpira mweupe wenyewe huondoka ukiwa umepotoka kidogo kinyume cha upande uliopigwa, na fimbo ikiwa imeinuliwa nyuma, mpira huo hupinda njiani. Sitayaingia hayo hapa, isipokuwa kusema kwamba chipukizi asiongezewe mzunguko wa pembeni kabla hajajua kufunga kwa kupiga katikati.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini basi sisemi mifumo hii itupwe. Siwezi kusema hivyo, kwa sababu nimeona inavyosaidia, na sababu ya msaada wake inajulikana. Mchezaji asiye na mfumo hutazama mahali tofauti kila pigo. Mara hutazama shimo, mara mpira mweupe, mara nukta ya mgusano, na macho yake bado yanahama wakati mkono umeshaanza kwenda. Mfumo humlazimisha asimame nyuma ya pigo, achague kitu kimoja cha kutazama, na akitazame hadi mwisho. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary amelichunguza kwa miaka mingi jambo hili la jicho kutulia kabla ya tendo katika michezo mbalimbali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na A. Mark Williams pamoja na wenzake, wachezaji hodari wa biliadi walionekana kukazia macho mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya pigo kuliko wasio hodari, na muda huo uliongezeka kadiri pigo lilivyokuwa gumu. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mafanikio yanayosifiwa kwa jina la mfumo huu au ule yanatokana na utulivu huo wa jicho, na mtu yeyote anaweza kufundishwa utulivu huo bila kuuziwa siri.

Faida nyingine, na hii naipa uzito mkubwa, ni mahali kichwa kinapokaa. Macho ya mtu mzima yametengana kwa takriban sentimita 6, ambayo ni zaidi ya kipenyo cha mpira wa pool. Kichwa kikihama kwa nafasi kati ya jicho na jicho, mstari ulioonekana umenyooka huonekana umepinda. Kuna wachezaji ambao hunyoosha pigo vizuri fimbo ikiwa chini ya kidevu, wengine ikiwa chini ya jicho moja, na wengine mahali fulani kati ya hayo mawili. Joe Davis, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara 15 kati ya 1927 na 1946, jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, na fimbo yake ilipita chini ya jicho la kushoto ingawa alicheza kwa mkono wa kulia. Mwalimu ambaye angemlazimisha aweke fimbo katikati ya kidevu kwa sababu kitabu kinasema hivyo angemharibia mchezo.

Kila chipukizi anaweza kujitafutia mahali pake kwa zoezi moja ambalo nalithamini kuliko mfumo wowote. Anaweka mpira mweupe na mpira wa rangi katika mstari mmoja ulionyooka hadi shimo la kona, vikiwa na umbali wa nusu mita hivi kati yake, anainama, na kuupiga mpira mweupe chini kidogo ya katikati kwa kasi ya wastani ili ufike bila kubingirika. Akiugonga mpira wa rangi katikati kabisa, mpira mweupe utasimama palepale na kukaa kimya. Ukielea kwenda kulia, aliugonga akiwa amepotoka kulia. Ukielea kushoto, alipotoka kushoto. Mpira wa rangi unaweza kuingia shimoni katika hali zote tatu, na ndiyo sababu namkataza mwanafunzi kutazama shimo katika zoezi hili. Atazame mpira mweupe tu. Akiona unaelea upande uleule kila mara, asihamishe mkono kwanza. Ahamishe kichwa kidogo kidogo, upana wa kidole, apige tena, hadi mpira mweupe ukome kuelea. Nimeona mwanafunzi aliyekuwa anahangaika na fimbo mpya na mfumo mpya, ambaye tatizo lake lote liliisha kidevu kiliposogea kidogo kuelekea jicho la kulia. Baada ya hapo, mpira wa kufikirika na mafungu yote yalianza kumwambia ukweli, kwa sababu sasa alikuwa anaona katikati ya mpira mahali ilipo kweli.

Namna ninavyofundisha baada ya hapo haina siri yoyote. Ninampa nusu mpira kama kituo chake, kwa kuwa ukingo unaonekana. Ninamwonyesha doa la mpira wa kufikirika kwa pembe pande zote mbili za nusu, ili aone mwenyewe kwamba pembe nyingine hukaa kati ya vituo. Halafu tunaanza sentimita 20 kutoka shimoni, tukirudi nyuma hatua kwa hatua, na kila tunaporudi namwambia bajeti yake ya nyuzi imebaki ngapi. Anapofika mita moja na kuanza kukosa, hashtuki wala hatafuti mfumo mwingine. Anajua kwamba hapa ndipo macho yake yanapaswa kujifunza kile ambacho fungu haliwezi kumpa, na anajua kwamba kukosa kwa upande mnene, yaani kwa pembe ndogo mno, kunaweza kuwa msuguano, ilhali kukosa kwa upande mwembamba, yaani kwa pembe kubwa mno, ni jambo lake mwenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba mambo machache yanayowezekana. Gazeti lako linapochapisha somo la kulenga, mchoro wake uonyeshe umbali wa mpira wa rangi kutoka shimoni, utaje kasi ya pigo, na useme kama mpira mweupe unafika ukibingirika au la. Waandishi wa michezo wanapomhoji mwalimu anayedai kwamba mfumo wake hauhitaji makadirio, wamwombe apige akiwa amewekewa mipira mita moja na nusu kutoka shimoni kwa pembe ambazo hakuzichagua yeye, kisha mipira yote miwili ihamishwe kando kwa sentimita 10 na apige tena kwa kufuata utaratibu uleule, huku akieleza kwa sauti anachokitazama. Akifunga, wamwulize ni nini alichokibadilisha kati ya pigo la kwanza na la pili, na jibu lake walichapishe lote, kwa sababu chipukizi wanaosoma kurasa hizo wanalihitaji jibu hilo kuliko jina la mfumo.

Wako katika mchezo,
Mwalimu wa wachezaji chipukizi